Swichi ya Alasiri

Kompyuta ilikataa kuwaka Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya hitima ya mavyaa wangu, na mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa wifi.

Ndani ya mashine ile, nyumbani kwetu Dunda, mlikuwa na sauti ya marehemu. Nilimrekodi miezi yake ya mwisho akisimulia ukoo, na wifi, binti yake wa pekee, aliniomba jamaa waisikie baada ya dua. Nakala mahali pengine sikuwa nayo. Nilijiamini kwa kuwa nilifunga diski mbili zinazoandika kitu kilekile. Moja ikifa, nyingine inabaki.

Sasa Linux, mfumo unaoendesha mashine ile, ikaniandikia kwenye kioo cheusi kwamba haioni hata moja. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu, na diski mbili hazifi pamoja hivihivi. Lazima kuna mtu kashika. Tena jana yake wifi alipita chumbani na chetezo cha udi, akasema, "Wifi, hili sanduku lako linanguruma kama mashine ya kusaga." Nilikuta majivu kidogo mezani, nikayakagua kama askari.

Nikamfuata uani.

"Wifi, jana uligusa waya wowote kule chumbani?"

"Sijagusa."

"Una hakika?"

Alinitazama, kisha akaendelea kuchambua mchele. Huyu anajua kitu, nilisema moyoni.

Nilifungua mashine. Waya zote zilikaa mahali pake, diski zilizunguka. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Jumatano nilikuwa nimeweka kerneli mpya, ile sehemu ya mfumo inayoamsha nyingine zote. Ya zamani bado ilikuwemo kwenye orodha ya kuwashia. Nikaichagua. Diski zikaonekana zote mbili, na sauti ya mavyaa ilikuwepo. Nililia kidogo.

Lakini hasira ilirudi upesi. Nilimtaka mhalifu wangu. Nikasoma kumbukumbu za mashine. Faili linaloiwezesha kerneli mpya kuzitambua diski lilikuwa bado linaandikwa umeme ulipokatwa, Jumatano saa ya alasiri. Mtaani umeme haukukatika siku ile.

Nyumba yetu, adhana ikianza, kila chenye kelele huzimwa: redio, feni, televisheni. Swichi ya ukutani ya chumba kile huzimwa na mtu mmoja tu. Niliizima mimi, maneno bado yakitembea kiooni, nikaenda kutawadha, na jioni nikasahau kabisa kuirudia kazi ile.

Nilimalizia faili lile, mashine ikawaka vizuri. Wifi sikumwambia neno. Niliona haya.

Ijumaa, baada ya dua, jamaa walikaa mkekani wakimsikiliza marehemu akitaja babu zake. Katikati ya jina la mmoja wao, muadhini alisikika kwa mbali ndani ya rekodi, naye marehemu akajikatiza, "Zima hicho, mwanangu, wanaadhini." Rekodi ikaishia hapo. Wifi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniinamia sikioni.

"Na juzi nilikuona ukizima vilevile."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza nani kazima, wifi. Uliniuliza kama ni mimi."