Bi Kibali na Redio ya Mnarani

Shangazi yangu ni fundi wa redio za upepo, zile unazobonyeza ndipo uongee, ukiachia ndipo usikie. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: meza, taa ya kuinama, harufu ya risasi ya kuchomelea, na mimi nikitoka shule namuuliza maswali mpaka anasema namkausha mate. Mtaani wanamwita Bi Kibali. Ukimpelekea redio, kabla hajauliza inaumwa nini, anaigeuza mgongo kutafuta stika ya mamlaka ya mawasiliano, ile ya kuonyesha imepimwa na ina kibali. Kama haina, anakurudishia na pole juu.

Mchumba wake tulimwita Twiga, kwa urefu na kwa kazi yake. Alikuwa mlinzi wa moto kwenye mnara katikati ya msitu wa kupandwa, kule ambako simu hazishiki. Zamu ikiisha walizungumza kwa redio mbili ndogo alizozichagua Shangazi, kwenye chaneli ya wazi ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia. Madereva wa malori ya magogo walikuwa wakiwasikia, wakichomekea utani na kuulizia siku ya harusi.

Kisha Twiga akahamishiwa mnara wa mbali, nyuma ya kilima. Sauti yake ikaanza kukatikakatika, halafu ikapotea kabisa. Kila jioni Shangazi aliita, "Mnara, Mnara, hapa Karakana," akaachia kitufe, tukaambulia mkwaruzo mtupu.

Baba, ambaye ni kaka yake, akamshauri akifungue tu hicho kidude, akate antena fupi, achomelee ndefu na kuongeza nguvu. Nani angekuja kupima?

"Kaka, siku moto ukiwaka, mtu anaomba msaada na mimi nimemfunika sauti, utaenda kumwomba radhi wewe?"

Baba akasema mapenzi hayaombi kibali. Shangazi hakucheka. Mimi nikataka kujua kwa nini stika ife kwa ajili ya kipande cha waya, akanieleza kwamba redio hupimwa nzima, pamoja na antena yake. Ukibadilisha kimoja, iliyopimwa si hiyo tena.

Basi akaishika njia halali, nayo ni ndefu. Hii ina nguvu lakini ni ya vyombo vya majini. Ile nzuri lakini chaneli zake ni za polisi. Alikonda kwa kuchagua. Mwishowe akapata jozi iliyopimwa pamoja na antena ya kusimikwa juu ya mlingoti. Moja akampa dereva wa lori aipeleke mnarani, pamoja na mchoro wa namna ya kuifunga antena yake kwenye ukingo. Antena ya kwetu aliipandisha mwenyewe juu ya paa, kavaa suruali ya Baba, majirani wakimwuliza kama anahamia mbinguni.

Asubuhi ya Jumamosi akaita kwenye chaneli ile ile. Twiga akajibu papo hapo, sauti safi kana kwamba yuko jikoni kwetu. Shangazi akanigeukia na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi. Akamwuliza anamsikiaje.

"Vizuri sana," Twiga akasema. "Hata kwa ile ya zamani nilikuwa nakusikia. Kila jioni."

"Basi yako ndiyo ilikuwa haitoi," Shangazi akasema upesi. "Kitufe kitakuwa kimechoka. Irudishe na lori, nitakitazama."

"Kitufe ni kizima. Nilikuwa sibonyezi." Akavuta pumzi, tukaisikia. "Huku nimepata mtu. Usinisubiri. Umenipata?"

Hewani, ujumbe usiojibiwa hurudiwa. Shangazi hakujibu, kwa hiyo Twiga akaurudia wote, neno kwa neno, na ile sauti safi aliyoihangaikia ikajaa chumba kizima. Akauliza tena kama amesikika. Shangazi alipoona ataanza mara ya tatu, akabonyeza.

"Nimekupata."

Nilikuwa na maswali chungu nzima, sikupata hata moja la kuuliza. Kisha dereva mmoja akaingia hewani, akakohoa.

"Karakana, pole sana, dada."

Shangazi akachukua redio, akamshukuru, akamtakia safari njema, kwa sababu mtu akikuita hewani unamjibu. Halafu akaizima, akalaza kichwa mezani, katikati ya bisibisi zake.