Mapigo Mawili ya Papa Bauma

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mushaki, kijiji cha milimani juu ya Goma, Ramadhani ilikuwa mwezi wa ukungu. Wenzetu wa Kasongo, alikotoka baba kabla ya kufuata biashara ya vitenge huku milimani, walifungua saumu kwa kutazama jua likizama. Sisi jua tulikuwa tunasimuliwa tu. Alasiri ukungu ulishuka toka malishoni, ukameza ng'ombe, ukameza barabara ya Masisi, na ukimtuma mtoto kwa jirani unamsikia anakohoa lakini humwoni. Msikiti ulikuwa mbali, Sake. Saa ya mkononi ya baba iliingia maji ya mvua ikafa, na redio yetu ilikuwa haina betri miezi yote.

Waislamu upande ule wa kijiji tulikuwa nyumba moja tu, ya kwetu. Jirani yetu alikuwa Papa Bauma, katekista wa shapeli, kikanisa cha Wakatoliki. Kengele yake ilikuwa jante ya kamyo, lile duara la chuma la gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi, na kila jioni aliigonga kwa ajili ya sala ya Maria. Baba akamwendea siku moja, kofia mkononi.

"Papa Bauma, sisi jua hatuione. Utusaidie na kengele yako."

Papa Bauma alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe jua ya Waislamu iko tofauti na yetu?"

"Njo ile ile," baba akamjibu. "Ila sisi tuko na njaa."

Basi wakapatana. Aligonga kwanza ya Maria, kama kawaida yake. Kisha alikaa kwenye kigogo akitazama kuku wake, kwa maana aliwaamini kuku kuliko saa aliyopewa na padri. Kuku wa mwisho akishaingia bandani, Papa Bauma aliinuka akagonga mara mbili, polepole. Hayo mapigo mawili yalikuwa ya kwetu peke yetu. Kijiji kizima kiliyajua, na watoto wa Kikristo waliokuwa wakiruka kamba nasi walipiga kelele, "Waislamu, mukule!" utafikiri wao ndio walioshinda na njaa.

Furaha, binti ya Papa Bauma, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Naye alifunga, kwa namna yake: alianza baada ya kula maharagwe ya mchana, akamaliza kwa uji wetu wa mtama jioni. Mama hakumfukuza hata siku moja. Alimjazia kikombe, akamwekea kiazi kitamu chenye majivu bado kwenye ganda, na maziwa yale mazito ya Mushaki. "Njaa ya kungojea pamoja haiue muntu," mama alikuwa akisema, nasi tuliamini.

Siku hizi ninaishi chini ya shitingi, turubai la msaada, huku kambini Bweremana, kama wengine wote waliokimbia, na ninaye Idi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Simu yake inaadhini. Inajua dakika ya magharibi ya Bweremana, ya Goma na ya Maka. Juzi moto wa simu ulimwishia ikazimika, akaniuliza, "Shangazi, jua imeshaingia?" Jua lenyewe lilikuwa mbele yake, linazama nyuma ya mlima, jekundu kabisa! Ni huyohuyo aliyeniambia kwamba saumu zetu za utotoni zilikuwa batili. "Munafungula na kengele ya kanisa? Shangazi, hiyo haikuwa saumu." Ana umri wa kujua kila kitu.

Sikumwambia yaliyofuata. Mwaka mmoja vita vilipanda mpaka kwetu. Watu wenye bunduki walikaa mlimani juu ya shapeli, wakatangaza kwamba atakayegonga jante atakuwa amewaita maadui zao. Sala ya Maria ikanyamaza. Ramadhani ikaingia hivyo hivyo, na jioni ya kwanza tulikaa mbele ya uji bila kujua tushike lipi. Mara tukasikia mlango: ko, ko. Polepole.

Alikuwa Papa Bauma, amelowa umande mpaka magotini. Alikuwa amepita kwenye mashamba ya maharagwe ili asionekane barabarani.

"Kuku zimeingia," akasema. "Mukule."

Baba alimvuta ndani. Akamsihi asirudi tena. "Hawa bantu iko na bunduki, Papa Bauma. Sisi tutangoja giza tu, Mungu atatuelewa."

"Na ukungu hii, utajua giza na nini? Mutafunga mpaka asubui," akamjibu, akachukua kiazi chake. "Wamekataza jante. Mimi hawakunikataza. Kengele njo mimi."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa, na jioni zilizofuata. Sisi watoto tuliona ni mchezo mtamu kuliko jante. Tulikuwa tunabanana mlangoni kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kusikia. Mungu anisamehe, nilifurahia vita vile kwa sababu ya mlango ule.

Jioni moja hakuja. Mama aliteremsha uji, akaurudisha motoni, akauteremsha tena. Giza lilikuwa limeingia waziwazi, hata mimi niliona, na mdogo wetu akaanza kulia. "Papa, usiku umefika," nikasema. Baba alikuwa ameketi akiutazama mlango. "Tumungoje kidogo," akasema. Saumu ilikuwa imeshakwisha na sote tulijua. Tulikuwa tunamngojea mtu. Mwishowe baba alimeza funda moja la maji, akatuambia tule, akachukua tochi akatoka. Hakuna aliyekula.

Alimkuta kwenye maharagwe, ameuawa, karibu na ua wetu, upande wetu wa njia. Alikuwa amebakiza hatua chache tu. Asubuhi baba alichimba kaburi pamoja na wanaume wa kanisa, amefunga, midomo imekauka, na walipomwambia apumzike alikataa. Furaha alisimama karibu nami. Hakulia, na mkono wangu hakuushika.

Vita vile vilipita, vikaja vingine, na vingine. Mushaki siijui tena iko mikononi mwa nani. Hapa kambini nimemkuta Furaha, hema la tatu kutoka letu, bibi mwenye wajukuu. Nilimkimbilia siku ya kwanza kwenye bomba la maji. Alinitazama sana, kisha akaangalia kofia ya Kiislamu ya Idi, aliyekuwa nyuma yangu. Habari za wale wauaji wa Beni wanaojiita Waislamu zimefika kila hema, na wajukuu wake hawachezi na watoto wa Kiislamu. Lakini hakusema habari ya Beni.

"Papa yangu alikufa sababu ya uji yenu," akasema. Akajitwika bidoni lake la maji akaenda.

Ni kweli alikufa njiani kuja kwetu.

Zamani hatukuwa na saa wala jua, lakini tulikuwa na mtu wa kutuambia tule. Leo simu inaadhini kwa dakika yake, Idi anameza maji, ananihimiza: "Shangazi, kuchelewa kufungula si muzuri." Najua, nilifundishwa kabla hajazaliwa. Lakini kila jioni nateremsha uji, najaza kikombe kimoja zaidi, na kukaa kidogo nikiitazama shitingi ya mlangoni. Hema la tatu haliko mbali, na Furaha saa anaijua. Uji ukishaganda juu, ndipo nami nakunywa maji.