Kipande cha Kioo Ukutani

Kiangazi kile tulipoanza kuchimba msingi wa zahanati upande wa Handeni, udongo mweusi wa mbuga ulikuwa mgumu hata sururu iliacha alama ndogo tu. Nilikuwa msimamizi wa waashi, nimetoka kwenye shamba la mkonge Korogwe. Ujenzi nilijifunza huko kwa kutazama, na kwa kitabu kimoja nilichokisoma neno kwa neno, kamusi pembeni.

Waashi wetu walipima ardhi kwa mtaimbo. Ukipigwa chini ukalia na kuruka, msingi unakaa hapo. Kwenye futi mbili uliruka.

"Pametosha," akasema mwashi mkongwe, Mzigua aliyeshika mwiko kabla sijazaliwa.

Lakini ardhi ilikuwa imepasukapasuka. Niliteremsha timazi kwenye ufa mmoja. Kamba ikaenda futi nne na nusu.

"Mzee, mvua ikinyesha udongo huu utalainika na kusogea. Tushuke chini ya nyufa hizi. Futi sita."

"Mwanangu, unachimba msingi au kisima? Hicho kitabu chako kimewahi kulala Handeni?"

Waashi wakacheka. Nilicheka nao, nikaruhusu futi mbili.

Masika yalipoingia, bati lilikuwa limeshapigwa. Ufa ukatokea kwenye pembe ya chumba cha kujifungulia, mwembamba kama uzi. Nikabandika kipande cha kioo juu yake, kila ncha kwa saruji; ukuta ukisogea, kioo kitavunjika. Tangu hapo sikutulia. Nilikwenda kukitazama asubuhi, nikaenda tena mchana, chakula kikipoa. Vitanda vinne vingewekwa chini ya pembe ile.

Siku ya sita kioo kilikuwa kimekatika. Nilimwita mzee. Aliuchoma mtaimbo kando ya msingi kwa mkono mmoja, nao ukazama kama kwenye ugali. Akauchomoa.

"Kumbe kitabu chako kililala hapa," akasema.

Nilikwenda kwa bwana mkubwa wa ujenzi, Mwingereza, nikamwambia kosa ni langu: nilijua, nikaogopa kuchekwa. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika tubomoe. Nikajibu ndiyo, mara mbili.

Tulibomoa zahanati yote. Kiangazi kilichofuata tulichimba futi sita, na mzee ndiye aliyekataa kuishia tano. Akina mama wakaingia. Mimi nikarudishwa Korogwe, lakini kila masika, mvua ikishika siku mbili mfululizo, nilitafuta lori la Handeni nikaone kama kioo kipya nilichobandika kwenye pembe ileile bado ni kizima.