Fomu ya Kuthibitisha Kwamba Baba Yu Hai

Baba yangu alipima mizigo ya watu kwenye mizani ya stesheni ya reli kwa miaka thelathini na minne, na hata alipostaafu, mikono yake haikukubali kustaafu. Ukimpa mkate anauinua kidogo kabla ya kuuweka mezani. "Huu wameupunguza," anasema, na ukisoma kwenye karatasi unakuta kweli wamepunguza. Kazini walimwita Mizani, na jina hilo lilimfuata mpaka huku ugenini, ambako nilimleta mwaka aliofariki mama. Hakutaka kuja. Nilimbembeleza kwa simu miezi mitano, nikimwambia atapumzika, atawaona wajukuu zake, na pensheni yake itamfuata popote atakapokuwa.

"Na hizo karatasi zao?" aliuliza.

"Hilo niachie mimi, Baba."

Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia mbele na mimi nafuata nikihema.

Pensheni yenyewe ilikuwa ndogo. Kwa bei za huku ilitosha gazeti, kinyozi, dawa zake za presha na sukari ya nyumba nzima. Sukari aliing'ang'ania tangu wiki ya kwanza. Nilimwambia mimi nina kazi, nasimamia chumba cha kufulia pale hospitalini, sukari hainishindi. Akakataa katakata. "Niachie sukari," alisema. "Nataka niwe na haki ya kulalamika chai ikipoa." Na alilalamika kweli, karibu kila asubuhi, kwa raha zake.

Mfuko wa pensheni wa kwetu una sharti moja kwa wastaafu wanaoishi nje. Kila mwanzo wa mwaka lazima mstaafu aende ubalozini, ajaze fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai, aweke sahihi mbele ya ofisa, na awe na shahidi mtu mzima anayemwona mara kwa mara. Kisha fomu itumwe nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi wa pili. Hawaulizi kama mtu anaumwa, amekula au ana upweke. Wanataka kujua anapumua tu.

Kwa baba, siku hiyo ilikuwa kubwa. Alinyolewa siku moja kabla. Alivaa koti lake la stesheni, lile la vifungo vya shaba, na njiani alinunua gazeti la siku hiyo. Tukifika kwenye ngazi za ubalozi nampiga picha ameshika gazeti kifuani, tunaichapisha duka la jirani, na picha hiyo anaiambatanisha na fomu. Hakuna aliyemwagiza. "Mtu akisema yu hai aonyeshe na tarehe," aliniambia, na ofisa wa pale, mwanamama wa miwani, alishamzoea hata akawa anampa pini ya kubania. Shahidi nilikuwa mimi. Miaka mitatu mfululizo niliandika jina langu chini ya jina lake na namba ya kitambulisho changu. Na kupeleka bahasha posta ilikuwa kazi yangu.

Mwaka wa nne tulitoka ubalozini saa saba, zamu yangu ikianza saa nane. Nikampandisha baba basi la nyumbani, nami nikakimbilia kazini na bahasha mkononi. Niliiweka kwenye kabati langu la chuma, juu ya glavu, nikijiambia nitaipeleka posta kesho. Wiki ile mashine mbili za kufulia ziliharibika kwa pamoja. Mashuka ya wodi nzima yalikuwa yanatungoja, tunakamua kwa mikono, mgongo unalia. Kesho ikawa keshokutwa. Niliiona bahasha katikati ya mwezi wa tatu, chini ya buti zangu za mpira, imeloa pembeni. Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Pensheni ya mwezi ule haikuingia. Nilipiga simu kwenye Mfuko kutoka stoo ya sabuni, mlango nimeufunga.

"Mstaafu huyu tumemwondoa," mtu wa huko alisema. "Kwenye mfumo wetu inaonyesha amefariki."

"Hajafariki! Nimemwacha nyumbani anasoma gazeti."

"Basi dada, aende tena ubalozini yeye mwenyewe, na shahidi, ajaze fomu ya kurudishwa. Hilo tu."

Hilo tu. Kutoka tunapoishi mpaka ubalozini ni mabasi mawili. Ni kazi ya nusu siku. Kilichotakiwa kwangu ni sentensi moja: Baba, nilisahau bahasha yako, wamekuandika marehemu. Niliifanyia mazoezi njia nzima. Nilipofika nyumbani alikuwa mezani, miwani puani, na akaniuliza kama alivyouliza kila mwezi, "Imeingia?"

"Imeingia," nikasema.

Ilinitoka kirahisi, ndiyo maana naichukia mpaka leo. Pensheni yake ilipitia akaunti yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na akaunti huku, nami ndiye niliyemletea ndani ya bahasha. Basi nilichukua kwenye mshahara wangu, nikamtilia. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu, nikipata nafasi tutakwenda. Mwezi uliofuata nikasema baada ya mitihani ya watoto. Uliofuata huo sikuwa hata na kisingizio, nilikuwa mwoga basi. Niliomba zamu za ziada ili fedha zifike. Watu kazini wakanisifu kwa bidii.

Niliogopa uso wake. Baba hakuwahi kumpunja mtu hata kikapu cha viazi. Hakuwa mkali, na mtu asiye mkali ndiye mgumu kumkosea, maana hakupi hata nafasi ya kumkasirikia nawe.

Halafu akaanza kubadilika. Kwanza aliacha gazeti. "Macho yanachoka," alisema. Kisha akaacha sukari, ila ya kwetu aliendelea kuinunua. Akasema ameizoea chai kavu. Kwa kinyozi akawa anakwenda mara moja kwa mwezi badala ya mbili. Niliyaona yote hayo, sitajitia hamnazo. Ningemuuliza swali la pili angenijibu, lakini sikuuliza, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umebana, na kila alichoacha niliona kitanisaidia siku bahasha itakaponishinda. Mtu mzima mwenye akili zangu, nilifurahi baba yangu alipoacha sukari.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, kinyozi wake alinipigia simu kazini. Ni mtu mzima mwenye kitambi na utani mwingi, lakini siku hiyo hakutania.

"Dada, njoo kwenye zahanati hapa jirani. Mzee amepata kizunguzungu kwenye kiti changu. Anaongea, usiogope, ila njoo."

Nilikwenda na aproni ya kazini. Nilimkuta baba amekaa kitandani, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, kinyozi amesimama pembeni ameshika koti lake. Muuguzi alikuwa anafungua mkanda wa kupimia presha, na uso wake haukunipendeza.

"Mzee wangu, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa kisanduku cha kiberiti. Ndani mlikuwa na vidonge vyake, vimekatwa nusu kwa wembe, kila nusu sawa na mwenzake kabisa. Mikono ya Mizani ile.

"Mbona nusu, Mzee?" muuguzi akauliza.

Baba alinitazama kidogo, kisha akamjibu yule muuguzi kwa sauti ya chini, kana kwamba anamfichia mtu aibu. "Mfuko wetu wa pensheni unayumba. Nimeona kwenye hela zenyewe. Zamani kila mwezi ilikuja tofauti kidogo, inapanda na kushuka na bei ya pesa ya kwetu, naiona gazetini, inalingana. Tangu mwezi wa tatu inakuja kamili, haina chenji. Mimi nimepima mizigo maisha yangu yote. Mzigo wa kweli hauji kilo kamili kila siku. Nikajua wanatoa za kubahatisha, na siku yoyote watafunga. Sasa huyu binti yangu anafanya kazi mpaka anavimba miguu. Nikaona nianze kujizoeza mapema."

Kinyozi akainamisha kichwa. Muuguzi akanigeukia. "Dada, dawa hizi hazikatwi. Angeweza kupooza."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ningeweza kunyamaza hata hapo. Nakiri, wazo hilo lilinipitia: nunua dawa, mwambie Mfuko uko imara, endelea. Lakini kile kisanduku kilikuwa wazi juu ya shuka, na vile vinusu vilinitazama.

"Baba, Mfuko hauyumbi," nikasema. "Ni mimi."

Nikamwambia yote, mbele ya muuguzi na kinyozi, mashine, kabati, buti, simu ya kwenye stoo. Nililia, na sikupenda kulia, kwa sababu ilionekana kama naomba nihurumiwe mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Tangu mwezi wa tatu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo mimi ni marehemu."

"Kwenye karatasi tu, Baba."

"Marehemu aliyenyolewa nusu," akasema, na kinyozi akacheka kwa kushtuka. Baba hakucheka. Aliomba maji, akameza kidonge kizima alichopewa na muuguzi, na akasema turudi nyumbani.

Usiku ule hakunilaumu hata kwa neno moja. Asubuhi nilipoweka chai, aliweka mezani mfuko wa karatasi uliokunjwa vizuri, una noti ndani.

"Hizi ni zako," alisema. "Nilikuwa naweka akiba ya kunirudisha nyumbani siku yangu ikifika, usije ukahangaika na jeneza. Nilidhani ni zangu."

"Baba, kaa nazo."

"Siwezi kukaa nazo. Zina uzito wa mtu mwingine."

Nilipokea, nikaziweka kabatini, na hazijanunua kitu mpaka leo.

Ijumaa tukaenda ubalozini. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku nzima, na mkobani niliweka kitambulisho changu kwenye mfuko wa mbele ili nisihangaike kukitafuta. Baba alivaa koti la vifungo, kichwa chote kimenyolewa sasa, na alinunua gazeti. Hilo lilinipa moyo. Kituoni tulimkuta kinyozi amevaa shati lililopigwa pasi, amefunga duka siku ya wateja.

"Na wewe unakwenda wapi?" nikamtania.

"Mzee kaniomba nimsindikize," akasema, akaangalia viatu vyake. Nilidhani baba anaogopa kizunguzungu.

Yule mwanamama wa miwani alifungua kompyuta yake, akasoma, akamwangalia baba, akasoma tena. "Mzee Mizani! Humu unaonyesha umefariki."

"Ndiyo. Nimekuja kukata rufaa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatoa fomu ya kurudishwa, ndefu kuliko ile ya kila mwaka. Akaeleza kwamba pensheni itaanza tena mwezi ujao, ya nyuma watalipa wakishahakiki, na kwamba shahidi wa safari hii anakula kiapo kwamba anayoyasema ni kweli. Baba alijaza polepole, kwa mwandiko wake wa vitabu vya stesheni. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu na ni hai. Akaweka sahihi.

"Shahidi?" ofisa akauliza, akinigeukia mimi kwa mazoea.

Kitambulisho kilikuwa tayari mkononi. Baba alichukua fomu, akaigeuza taratibu juu ya meza, akaisogeza kwa kinyozi, na kalamu juu yake.

"Huyu hapa," akasema. "Ananiona kila mwezi, kwa miaka minne sasa."

Kinyozi hakuishika kalamu mara moja. Aliniangalia mimi, shati lake zuri limeanza kulowa makwapani. "Mzee, si dada yupo..."

"Huyu ni mwanangu," baba akasema, na akaweka mkono wake juu ya wangu, ule wenye kitambulisho. Aliuacha pale. Ulikuwa na joto, na mzito kuliko nilivyoukumbuka. "Narudi nyumbani kwake, nakula chake, na nikiumwa atanihudumia. Ila kwenye karatasi hii andika wewe."

Kinyozi akaandika. Ofisa akagonga muhuri, akampa baba pini ya kubania picha yake. Kisha akamkabidhi bahasha, na baba akaiweka ndani ya koti, upande wa kifua, akafunga kifungo. Tulipotoka hakuelekea kituo cha basi. Alimuuliza kinyozi posta iko upande gani, wakatangulia wawili, nami nikawafuata nyuma.