Fundi Aliyeitafuta Sauti

Kompyuta haijawahi kunishinda, na hata ile haikunishinda. Wiki iliyopita, dukani kwangu Ukunda, niliiwekea kompyuta ya mteja mfumo mpya, ikapoteza sauti. Nikavaa hedfoni kubwa, nikafungulia wimbo wa taarabu unaomsuta mke mwenza, nikapandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Nikaweka upya programu ya sauti, nikaurudisha wimbo mwanzo. Kimya tena!

Mara nikaguswa bega. Alikuwa Bi Mwanasha, jirani yangu, ambaye siku hiyo mumewe alikuwa akioa mke wa pili uani kwao, nyuma ya ukuta wangu. Nikavua hedfoni ili nimsalimu, na hapo nikausikia wimbo wangu ukinguruma huko uani. Ule mfumo mpya ulikuwa umejiunganisha na spika ya harusi, ile isiyotumia waya.

"Shikamoo, mama," nikasema, huku nikihangaika kuuzima.

"Marahaba, mwanangu. Sheikh ameshindwa kusoma khutba, na wote wanadhani nimeufungulia mimi."

Akaniwekea sahani ya pilau mezani, akavuta kiti, akaketi.

"Ule ubeti wa mwisho," akasema, "hebu urudie."