Wifi Yangu Gunborg na Kirusi Kilichojificha

Wifi yangu Gunborg Nordlander hajawahi kunibembeleza. Siku mume wangu Folke aliponipeleka kwao Umeå, kaskazini mwa Sweden, kunionyesha kwa dada yake, Gunborg alinitazama kuanzia buti hadi kofia, akanisukumia kikombe cha kahawa chenye vipande vya jibini ndani. "Watu wa kusini huwa wanaikimbia hii," akasema. "Wewe ni mke, au umeletwa kama pambo?" Nikanywa, nikatafuna jibini lote, nikaomba kingine. Tangu siku ile tukawa wifi na wifi, utani hauishi.

Alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Nyama inayokatwa kutoka miili ya wagonjwa huhifadhiwa ndani ya nta, naye alikuwa akiikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu ili madaktari waitazame. Mikono yake ilikuwa imetulia kama ya fundi saa, ingawa jikoni kwangu alivunja vyombo vingi.

Kisha nikaugua mimi. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Nikapasuliwa, nikapigwa mionzi, nikapona. Karibu saratani zote za aina hiyo huletwa na kirusi, na ndiyo sababu wasichana wetu huchanjwa shuleni. Lakini uvimbe wangu ulipopimwa, kirusi hakikuonekana.

Hapo ndipo binti yetu Tova alipopata neno la kushikilia. Alikuwa ameikosa chanjo ya shuleni, na sasa, mtu mzima, hakutaka kuisikia.

"Mama, ya kwako haikuwa ya kirusi," aliniambia. "Hii iko kwenye damu yetu. Sindano itanisaidia nini?"

Nilimweleza Gunborg tukichuma beri msituni, naye akaweka ndoo chini.

"Sikiliza, wifi. Kipimo chako kilitafuta sehemu moja tu ya kirusi. Ni kama kumtafuta mwizi kwa kofia yake. Akiivua je?"

"Kwa hiyo mwizi wangu yuko kichwa wazi?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka tumsome mwili mzima."

Wakati huo mkuu wake, daktari Anselm Wikander, alikuwa amepata mashine ya kusoma jenomu nzima ya kirusi, yaani vinasaba vyake vyote, herufi kwa herufi. Alitaka kuwachunguza wanawake kama mimi, waliougua bila kirusi kuonekana. Nami nikakubali nyama yangu itumike. Tatizo lilikuwa nta. Ikikaa miaka, vinasaba vilivyomo hukatikakatika kama uzi mkuukuu. Majira yote ya baridi Gunborg alijaribu namna ya kuipasha moto taratibu, akiharibu na kuanza tena, mpaka akapata vipande virefu vya kutosha kusomeka.

Majibu ya kwanza yalikuja kama sikukuu. Kirusi kilikutwa kwa wanawake wote! Wikander akaleta keki, akawapigia simu wenzake wa Oslo na Helsinki. Nami nikaambiwa, nikalia kwa furaha isiyoelezeka. Ni nani hufurahia kuambiwa alikuwa na kirusi? Lakini nilikuwa nimepata la kumwambia mwanangu.

Gunborg hakuigusa keki. Pamoja na nyama za wagonjwa alikuwa amekata, kwa kisu kilekile, kipande cha nta tupu, isiyo na nyama ya mtu yeyote. Akaomba majibu yake. Kirusi kilikuwemo.

Akaenda moja kwa moja kwa Wikander. "Anselm, ni kisu changu. Kimebeba kirusi kutoka kwa mgonjwa mmoja, kikawapaka wote."

"Una hakika?"

"Nta haiugui saratani."

Wikander akaivuta simu yake. Akasema, "Haya. Nitawapigia tena. Tuanze upya."

Jioni hiyohiyo Gunborg alikuja kwetu, akasimama mlangoni bila kuvua koti. Aliponieleza, nilimpandishia sauti.

"Unanipa, halafu unaninyang'anya? Si ungenyamaza tu! Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Nitukane, wifi, una haki. Lakini sitakupa jibu ambalo si lako."

Nilimtukana kweli. Alisikiliza yote, akaaga, akaondoka kwenye theluji. Folke alinitazama mpaka nikaona haya.

Safari ya pili kila mgonjwa alipata kisu chake kipya, na kati ya mgonjwa na mgonjwa alikata nta tupu, nayo ikasomwa. Barafu ya mto ilikuwa imeshayeyuka Wikander aliponiita. Tova akaja nami, na Gunborg tulimkuta humo.

Nta zote tupu zilikuwa safi. Baadhi ya wanawake kweli hawakuwa na kirusi. Mimi nilikuwa nacho, tena si kile kilichokwama kisuni, bali cha aina nyingine, adimu. Ile sehemu iliyotafutwa na kipimo cha zamani ilikuwa imekatika, na kilichobaki kilikuwa kimejishona ndani ya vinasaba vyangu mwenyewe. Wikander alituonyesha mshono huo kwenye skrini: upande huu kirusi, upande huu mimi.

Tova aliinama kuutazama. Kisha akamgeukia Gunborg.

"Shangazi, ungetuachia yale majibu ya kwanza, ningekuwa nimeshachanjwa."

"Na siku ungegundua kwamba yalikuwa ya uongo, ungeniamini tena?"

Tova akatikisa kichwa. "Hapana. Ningewacheka wote." Akavuta pumzi. "Sindano yenyewe inauma?"

"Kidogo kuliko ulimi wa mama yako."

Tulicheka wote, hata Wikander. Wiki iliyofuata Tova alichanjwa.

Lakini siku ileile, kabla hatujatoka kwa Wikander, nilimkumbatia Gunborg, jambo ambalo sisi wawili hatulifanyi. Alinivumilia kidogo, kisha akanitoa mikononi kwa upole.

"Haya, niache," akasema. "Bado kuna wale ambao hatukuwakuta na kitu. Nao wana mabinti."

Akavaa koti lake jeupe, akarudi kazini.