Lori Lililomsubiri Mama

Harufu ya lami mbichi hunirudisha kwenye barabara ya sokoni Singida, enzi malori ya watu binafsi yalipoanza kumiminika na sisi waenda kwa miguu tukasukumiwa mtaroni. Mama alikuwa akisukuma baiskeli yenye tenga la kuku. Alituhesabu watoto wake mara mbili, akaingia barabarani nasi nyuma yake.

Lori likafunga breki, vumbi la kando ya lami likatufunika.

“We mama, barabara ya magari hii!” dereva akafoka.

“Salamu huna, barabara unayo?”

“Nitawagonga!”

“Ukigonga kuku wangu utalipa. Ukigonga watoto utasema ajali. Basi wasubiri hao kuku.”

Utingo akacheka. Dereva akazima injini.

Mama hakuharakisha. Katikati ya barabara alisimama, akakaza kamba ya tenga ambayo haikuwa imelegea.